Rangi mnalipia, bati la chini hamtaki kulipia

Wiki iliyopita fundi mmoja hapa Leeds, Uingereza, kakataa kunitajia bei. Nimempelekea Beetle yangu ya 1972, ile Volkswagen ya mgongo wa kobe, akalala chini na tochi, akagonga gonga na bisibisi kule chini ya milango, akainuka akaniambia bei sikwambii mpaka nikate, maana kutu unayoiona ni ndogo kuliko usiyoiona. Anachotoza kwa saa moja nikigeuza kwenda shilingi kichwa kinauma, kwa hiyo gari nimerudi nayo na kazi naifanya mwenyewe nyuma ya nyumba. Ila lile neno lake limenikaa, kwa sababu nililisikia Tanga zamani sana, kwa Kiswahili kabisa, na hatukulisikiliza.

Mzee wetu ana Beetle ya bluu, anayo mpaka leo. Kila Idd ikikaribia ilikuwa inapelekwa Ngamiani kupigwa rangi na mimi kazi yangu kushika ndoo ya maji fundi akipiga msasa. Siku moja fundi kanyanyua kapeti la nyuma, kabonyeza sakafu kwa kidole gumba, kidole kikazama. Akasema mzee hapa inabidi tukate tuweke bati jipya. Mzee akauliza itaongezeka shilingi ngapi, akatajiwa, akasema we piga puti, piga rangi, Idd Jumamosi. Fundi akapiga puti, ile pasti ya kuzibia mashimo. Gari ikang'aa, tukapiga nayo picha familia nzima. Haikumaliza miezi minne vipele vya kutu vikarudi palepale, na nyumba nzima tukakubaliana kwamba yule fundi ni tapeli.

Hakuwa tapeli jamani. Alituambia ukweli tukamkatalia, na hilo linaniuma kuliko kutu yenyewe.

Sasa hivi nimeshakata upande mmoja wa gari yangu na naelewa alichokuwa anakiona. Beetle betri inakaa chini ya siti ya nyuma, asidi ikivuja inakula sakafu taratibu miaka na miaka we umekalia tu. Na ule mkono wa chini ya mlango ni bomba, ndio unapitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini, kwa hiyo unaoza kwa ndani na kwa nje unaonekana mzima. Hapa baridi ikianza wanamwaga chumvi barabarani barafu isigande, Tanga chumvi inakuja na upepo wa bahari, bati halijui tofauti. Ukipaka rangi juu ya hapo umefunika kidonda na kanzu mpya.

Na kabla hamjaanza "huyu kafika Ulaya juzi anajifanya anajua", subirini. Nilipopitisha sumaku kwenye mkono wa kulia ikadondoka, haikushika kitu. Nikabandua, nikakuta wavu wa waya na puti nene kama kidole, imepakwa na mwenye gari wa zamani, Mwingereza. Kwa hiyo uzembe hauna passport. Na kwa mikono, fundi wetu namuweka juu, aisee. Hapa madigadi unaagiza, linakuja kwenye boksi unalifunga kwa bolti. Yule wa Ngamiani nilimuona kwa macho yangu analitoa madigadi kwenye bati lililonyooka, nyundo na kipande cha reli basi, anapapasa kwa kiganja amefumba macho anakwambia hapa bado. Mimi na mashine yangu ya kuchomelea nimeunguza bati mara tatu kabla sijapata mstari mmoja wa maana.

Mtaniambia huko kuna sheria, watu wanalazimishwa. Si kweli kwa gari hizi. Tangu 2018 gari iliyozidi miaka 40 na haijabadilishwa sana hapa Uingereza hailazimiki kwenda ukaguzi wa kila mwaka. Hakuna anayenilazimisha kulala kwenye saruji yenye baridi nakata bati ambalo hakuna mtu atakuja kuliona. Mtasema vifaa, haya, vifaa gani? Grinda, brashi ya waya, msasa, praima (rangi ya kwanza ya chini), nta ya kumwaga ndani ya bomba, vingi vyake Kariakoo unavipata. Mtasema maisha magumu, hilo nakubali na siwezi kubishana nalo, lakini mzee alipiga rangi ile gari mara nne! Hela ya rangi mara nne ingekata sakafu yote na chenji ikabaki.

Na haya mambo ya haraka ndio yanatumaliza. Puti inanyonya maji, ukiipiga msasa wa maji halafu ukaifunika siku hiyohiyo bila kukauka, maji umeyafungia ndani na bati. Praima nayo nyingi zinapitisha unyevu, sasa wewe unatembelea gari ya kijivu, praima tupu, miezi sita ukisubiri hela ya rangi, mvua ya masika inakunyeshea, halafu unamuuliza fundi mbona imetoa vipele. Ukimwambia fundi acha ikauke siku mbili anakushangaa, kwa sababu hajawahi kupata mteja wa kumpa siku mbili.

Halafu tunamtaka apulize zile rangi za kuchanganya na hadna, dawa ya kuigandisha rangi, akiwa kajifunga kitambaa puani. Zile zina kemikali inayoleta pumu, mask ya vumbi haiizuii, mimi mwenyewe nimekataa kuzipuliza, nitalipa mwenye chumba chake cha kupulizia na mask inayoletewa hewa safi kwa bomba. Yule fundi alikuwa anakohoa nikiwa na miaka kumi. Hatukuwahi kumuuliza.

Juzi nimempigia mdogo wangu, nikamwambia nyanyua siti ya nyuma ya gari ya mzee unipigie picha. Ametuma. Unaona mchanga wa uani kupitia sakafu. Nimemtumia hela ya bati, ya gesi na ya siku nne za fundi bila haraka. Ya rangi bado, nitatuma nikishaona picha ya chini.