Anenepe Kwanza, au Aanze Mionzi?

Waliowahi kumuuguza mgonjwa wa saratani ya mdomo au koo hapa Dar es Salaam wanaujua ubishi huu. Mtu keshakonda, kumeza shida, halafu Ocean Road, hospitali ya saratani, wanampangia tiba ya mionzi ya wiki sita au saba, siku tano kwa wiki. Ndugu wanasema aachwe kwanza apate nguvu. Daktari anataka aanze.

Ndugu wana hoja. Mionzi ya mdomo na shingo huleta vidonda, mate hukauka, ladha hupotea, hata uji unachoma. Aliyeingia dhaifu ndiye huelekea kukatisha tiba. Tena mgonjwa hutengenezewa kinyago cha plastiki kinachoshika uso na shingo asisogee. Akikonda sana kinapwaya, na pengine vipimo na mpango mzima hurudiwa.

Ila uvimbe haungoji mtu anenepe. Kwa saratani hizi, kila siku tiba inavyorefuka zaidi ya muda uliopangwa, uwezekano wa kuudhibiti uvimbe hushuka kwa takriban asilimia 1. Na mara nyingi kinachomkondesha ni uvimbe wenyewe, maana umeziba njia ya chakula. Ndiyo maana takwimu za waliokonda kufa mapema nazisoma kwa tahadhari: wengi wao ndio waliofika na ugonjwa mkubwa.

Naegemea kwa daktari, kwa sharti kwamba mtaalamu wa lishe amwone mgonjwa siku ileile na apimwe uzito kila wiki. Mpira wa kulishia, unaopeleka chakula moja kwa moja tumboni, nisingeukimbilia kwa kila mtu. Ukiwekwa mapema huokoa kilo, lakini misuli ya koo isiyotumika hulegea, na wengine hushindwa kuuacha baadaye. Asiyeweza kumeza kabisa, huyo hana mjadala.

Utafiti wa Ureno uliotoka 2005 ulilinganisha wagonjwa waliopewa ushauri wa lishe kwa vyakula vya kawaida na waliopewa vinywaji maalumu vya lishe. Miezi mitatu baada ya mionzi, waliopewa ushauri ndio walioendelea kula vizuri. Kwetu vyakula hivyo ni mtori uliosagwa laini, parachichi, uji wenye karanga na maziwa. (Wale wanaomnyima mgonjwa sukari eti inalisha saratani wanamwongezea njaa tu.) Kinachonitia shaka ni mgonjwa wa mkoani aliyefikia kwa ndugu Mbagala, anayeondoka alfajiri na kurudi jioni: huo mtori wa mchana anaupata wapi?