Kaya yetu ilikuwemo

Hapo juu naona mtu kaandika eti hizi takwimu za umaskini zinapikwa ofisini mbona kwake hawajawahi kufika. Ndugu yangu watafikaje kwa watu wote humu Tanzania Bara, ule utafiti wa mapato na matumizi wa 2017/18 ulichukua kaya elfu 9 na ushee tu, ukionja mchuzi kwani unamaliza sufuria?

Sisi tulichaguliwa. Mdadisi kaja na mwenyekiti wa mtaa, mama akajua ni watu wa mkopo, akajifungia chumbani kwanza 😂 Baadae wakaelewana. Maswali sasa, sakafu ya nini, choo cha aina gani, mnapikia nini, alafu tukaachiwa daftari kila kinachonunuliwa kiandikwe, nyanya fungu la mia tano, mkaa kopo moja, vocha, bodaboda, mpaka mchicha wa kuchuma nyuma ya nyumba nao unapigiwa hesabu maana ungeununua ungetoa hela. Kwa hiyo ile shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi iliyotajwa kwenye habari, kwamba ukitumia chini ya hapo unahesabiwa maskini, haijatoka hewani, ingawa kusema ukweli mimi hata kipindi kile naiona ndogo, kwa Dar hii mtu anaishije.

Wasiwasi wangu uko kwenye majibu yetu. Bro alikua anarudi usiku anaambiwa taja matumizi yako na mama kakaa pale pale na kalamu, wiki nzima kaandikisha soda. Soda nne kwa siku jamani.