Mnatupofusha, na Nyie Wenyewe Hamuoni

Shemeji yangu kafunga balbu za LED kwenye taa za mbele za Noah yake. Kanitumia video ya usiku: gari limeegeshwa mbele ya ukuta wa jirani, ukuta mweupe peee, na ujumbe chini yake, "Shem, sasa Tunduma naondoka hata saa nane usiku!" Nimeiangalia ile video nikapandwa na hasira kuliko inavyostahili. Ukuta wa jirani haujawahi kumkatiza mtu barabara.

Kinachokukatiza ni mkokoteni wa ng'ombe kule Usangu, kati ya Igawa na Chimala, umebeba mpunga, hauna taa wala kipande cha plastiki cha kung'aa. Ni lori lililokufa kwenye kona, na tahadhari yake ni matawi ya mti yaliyotupwa lamini, mengine yameshasagwa na waliotangulia. Ni mzee anayetoka kwenye kilabu kavaa koti jeusi. Hao hawasimami mita tano mbele ya bampa wakusubiri urekodi video.

Tufanye hesabu kidogo. Kwenye kilometa 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Umemwona mzee, ubongo umeelewa, mguu umefika kwenye breki: sekunde moja na nusu imekwenda, na mita 33 nazo zimekwenda. Breki zenyewe zinataka mita nyingine 35 au zaidi, hapo lami iwe kavu na tairi zisiwe kipara. Jumla ni karibu mita 70. Na hapo hujabeba magunia, na huteremki mlima Kitonga.

Kwa hiyo swali langu kwa shemeji halikuwa "zinawaka?". Zinawaka, naona. Swali ni mwanga umekwenda wapi. Ile taa ya kwenye Noah ilitengenezwa kwa balbu ya halojeni, ile ya kawaida yenye uzi unaowaka ndani. Ndani ya balbu yake, aina iitwayo H4, kuna nyuzi mbili, ya dimu (mwanga wa karibu) na ya fulu (mwanga wa mbali), na chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachokinga mwanga usiende usikotakiwa. Kibakuli kinachong'aa nyuma ya balbu kilipigiwa hesabu kutokana na mahali uzi ulipo, kwa milimita. Sasa wewe unachomoa uzi, unaweka kijiti chenye vitaa pande mbili, vimekaa mahali pengine, vina umbo jingine, kisha unategemea kibakuli kiendelee kufanya kazi ileile. Kitafanya kazi, sawa. Kitamwaga mwanga chini ya pua ya gari, na mwingine kitautupa juu, kwenye macho ya sisi tunaokuja.

Na ule mwanga uliomwagika karibu ndio unaokudanganya. Mboni yako inajifunga kwa sababu lami ya mbele ya bonneti inang'aa, halafu kule mbali, kulikokuwa na mzee, kunakuwa giza zaidi kuliko jana. Unajisikia unaona. Hisia hiyo ndiyo inayouzwa madukani.

Halafu boksi la hizo LED limeandikwa lumeni 20,000, yaani kipimo cha mwanga unaotoka. Ishirini elfu! Balbu halali ya H4 kwenye dimu inatoa kama lumeni 1,000, na kwenye fulu kama 1,650. Yaani kwa bei ya chakula cha jioni cha watu wawili umenunua taa ya uwanja wa mpira ikaingia kwenye tundu la Noah. Muuzaji mwenyewe anasoma hiyo namba kwa sauti bila kucheka.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba LED zenyewe hazina dhambi. Gari lililotoka kiwandani na taa za LED, na lenzi yake iliyoundwa kwa ajili hiyo, linaona vizuri kuliko langu, sibishi. Zipo pia balbu za bei kubwa ambazo vitaa vyake ni vyembamba na vimekaa karibu kabisa na mahali pa uzi. Lakini wewe hukununua hizo, na mimi sikununua hizo. Tunazungumzia watu wenye pesa ya kawaida na gari la mwaka 1998.

Na kwa mtu wa hivyo, nasisitiza, mwanga anaoutafuta ameshaulipia. Umekwama kwenye waya.

Fikiria gari letu la kawaida. Limekaa Japani miaka yake, limekuja hapa likakaa mingine mingi zaidi, na waya ni zilezile. Umeme wa taa unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, na kwenye magari mengi ya umri huo unaingia mpaka ndani kwenye swichi ya usukani, unarudi tena nje kwenye taa, halafu unatafuta ethi, yaani njia ya kurudi kwenye betri, kwenye bodi yenye kutu. Kila kiungio kinakula kidogo. Aliyekufungia alamu alikata hapa akaunga pale kwa selotepu. Fundi wa redio naye aliomba umeme kwenye waya huohuo. Ifikapo kwenye balbu, kilichobaki ni makombo.

Mwombe fundi umeme apime volti mara mbili. Kwanza kwenye betri injini ikiunguruma, halafu kwenye soketi ya balbu, taa zikiwa zimewaka. Zikiwa zimezimwa usipime, maana hazitakuambia kitu. Betri itasema 14 au karibu na hapo. Kwenye soketi si ajabu kukuta 12. Hapo fundi atakuambia, "Si balbu ni ya volti 12, bosi? Iko sawa." Haiko sawa! Halojeni haipungui mwanga hatua kwa hatua pamoja na volti, inaporomoka. Ukiinyima asilimia 10 ya volti, karibu asilimia 30 ya mwanga imeondoka. Ukishuka kutoka 14 mpaka 12, unaendesha huku karibu asilimia 40 ya mwanga wako imeishia njiani ikipasha waya joto. Ndiyo maana taa za magari yetu zina ile rangi ya chai ya rangi. Balbu si mbovu, ina njaa.

Dawa yake ni relei mbili, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo ili zipitishe mkubwa, moja ya dimu na moja ya fulu. Waya mnene, wa milimita mraba 2.5, unatoka betri moja kwa moja, unapita kwenye fyuzi iliyokaa karibu na betri, unaingia kwenye relei, unakwenda kwenye taa. Ethi mpya, imekwanguliwa mpaka chuma kionekane. Waya wa zamani na swichi vinabaki na kazi ndogo tu ya kuiamuru relei. Fundi akikuambia fyuzi haina haja, chukua funguo zako uondoke, maana huo waya ukigusa bodi utaona mwanga mwingi kuliko ulioomba. Na mkumbushe kwamba Toyota nyingi za zamani swichi ya taa inakata upande wa hasi, si chanya. Asiyejua hilo atahangaika na gari lako mpaka magharibi, kisha aseme relei ulizonunua ni feki.

Mimi nilifanya hivyo kwenye Corolla yangu, nikaweka balbu za kawaida kabisa, 60/55 (wati za fulu na za dimu), za kampuni inayojulikana. Pesa yote, na ufundi ndani yake, haikufika bei aliyolipa shemeji. Ubaya wake ni kwamba balbu ikila umeme wake wote inakufa mapema zaidi, kwa hiyo beba ya akiba. Ndiyo, nimekubali, ina ubaya.

Usidanganywe uongeze wati. Balbu za 100/90 juu ya waya wa kiwandani zinayeyusha soketi, na ile harufu ya plastiki ndani ya gari utaisikia ukiwa Nyororo, kwenye ukungu, saa tano usiku. Balbu zilizopakwa bluu nazo ni halojeni iliyovalishwa miwani ya jua. Rangi haiongezi mwanga, inauchuja.

Kuhusu kioo cha taa, sisi watu wa nyanda za juu tunajidanganya. Kwa kuwa tunavaa masweta tunadhani jua letu halina kazi. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku juu miale inayounguza plastiki ni mikali kuliko Dar, hata kama wewe unatetemeka. Plastiki ya taa inakuwa njano, inafubaa, na balbu yoyote utakayoweka nyuma yake inawasha ukungu. Dawa ya meno inang'arisha kwa muda mfupi, basi. Msasa wa maji namba 800, ukapanda 1,500, ukamalizia 2,000 au 3,000, kisha polishi, ndiyo kazi. Lakini ukiishia hapo umeondoa ngozi ya kinga iliyokuwa imebaki, na njano itarudi haraka. Mwambie mpiga rangi akupigie klia, ile rangi isiyo na rangi, inayohimili jua. Na ukiwa hapo, futa kioo kikubwa cha mbele kwa ndani. Ule mnato wa vumbi na pumzi unatawanya taa za wenzako usoni mwako, na kuufuta ni bure.

Kuhusu mwelekeo nitasema machache ingawa naweza kulala hapa. Tafuta ukuta na uwanja tambarare, najua Mbeya tambarare ni anasa. Simamisha gari mita 10, mtu mmoja kwenye usukani, pima urefu kutoka chini mpaka katikati ya taa. Ukingo wa juu wa dimu uwe kama sentimita 10 chini ya urefu huo. Skrubu iko nyuma ya taa. Na mwanga unyanyuke kidogo upande wa kushoto, kwa wenye miguu pembezoni. Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo taa ya Japani iko sawa. Ukinunua taa iliyong'olewa kwenye gari la nchi wanazoendesha kulia, mnyanyuko unakuja kwangu. Haitatengenezeka kwa skrubu. Irudishe.

Tungekuwa tunakagua hili kwa dhati. Stika ya ukaguzi nimepewa tangu nianze kumiliki gari, na bado nasubiri siku mtu atakayeniambia nisogee mbele ya ukuta awashe dimu aangalie. Wanauliza kizimamoto. Na tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, barabara ya Iringa kwenda Mbeya haina saa ya kulala, tunakutana uso kwa uso usiku kucha.

Ukungu wa Isyonje hautaki fulu wala LED. Weka dimu, punguza mwendo, na kama una taa za ukungu chini ya bampa, ziwashe. Fulu pale inarudi yote usoni kwako.

Na ninyi wa pikapu na Canter mnaoshusha viazi vya Makete na Njombe: mkijaza nyuma, pua inanyanyuka, na dimu lenu linakuwa fulu la mtu mwingine. Kwenye magari mengi kuna kidude karibu na usukani chenye namba kuanzia 0, kimekaa na vumbi lake tangu bandarini. Kikizungushwa kinashusha taa. Kama mota yake imekufa, shusheni kwa skrubu kabla ya kupakia, na mkishamaliza kushusha mzigo mzipandishe tena.