Usinipe kadi, nitumie mteja mmoja

Kwenye meza ya jikoni kwangu, hapa Himbi, mtaa wa Goma, kuna droo haifungi tena vizuri juu ya kadi. Kadi za biashara. Zingine ziko na herufi za dhahabu, zingine ni plastiki kabisa kama ya banki, na karibu zote zimeandikwa DG, yaani mkurugenzi mkuu. Juzi umeme ulikatika nikakaa nazihesabu na tochi ya simu, nikapata 63. Ma-DG 63 kwenye droo moja! Na usidhani nawacheka, kampuni nyingi humo iko na mtu mmoja tu, yeye ndiye DG, yeye mhasibu, yeye sentineli wa usiku, na mimi pia ni DG wa aina hiyo hiyo, nakaanga kahawa nyuma ya nyumba kwenye pipa ninalozungusha kwa mkono, natia kwenye pakiti za gramu 250, alafu nanawa moshi, navaa shati safi naenda kuuza.

Sasa kati ya hao 63, wangapi walishanunua kahawa yangu? Wawili. Na mimi nilishanunua kwa wangapi? Hapo ndo nikafunga droo.

Ngoja nisimulie mkutano mmoja. Ilikuwa 2024, hoteli fulani kando ya ziwa, kuingia dola 10, mada ilikuwa tutumie vya kwetu. Tulikuwa kama watu 40, kila mmoja akapewa dakika moja asimame aseme jina, kazi anayofanya, na ndoto yake. Zoezi lenyewe mnalijua. Wa mbele anaongea, wa nyuma anajirudilia maneno yake kimoyomoyo, zamu yake ikifika anayamwaga yote bila kupumua, akikaa anatoa simu. Watu 40 waliongea na sidhani kuna hata mmoja aliyesikilizwa. Namkumbuka tu dada mmoja wa sabuni, na ni juu alisahau jina la kampuni yake mwenyewe, ukumbi wote ukacheka, naye akacheka. (Leo hii sabuni yake njo naogea. Sijui kama kuna funzo hapo au ni ile kicheko tu.)

Ikafika poze, ile mapumziko ya chai. Mezani: termosi ya maji moto, sukari, na kopo la kahawa ya unga, ile ya kukoroga na kijiko, imevuka bahari sijui ngapi. Kwenye mkutano wa tutumie vya kwetu! Na mle ndani tulikuwa wakaangaji wa kahawa watatu: mimi, dada mmoja wa Katindo, na kijana mwengine wa Ndosho. Sisi watu wa Goma tumezungukwa na kahawa, Minova, Kalehe, Idjwi, arabika ya mlimani, ya wakulima wa ushirika wa SOPACDI walioanza kule Minova 2003 ilishafika mpaka Uingereza inanywewa kule, na sisi tuko hatua tano na ziwa tunakoroga kopo. Tukaangaliana watatu sisi. Kwenye mfuko wangu, chini ya kiti, kulikuwa pakiti 10. Unadhani nilisema kitu? Nilikunywa. Vikombe viwili.

Niliogopa nini, nimejiuliza sana. Sisi tumekuzwa na ile methali ya kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, na mtu akianza kusema kazi yake anaonekana anajitapa, ana njaa, ana madeni. Mimi naona hiyo methali ilitungwa na mtu wa kijiji, mahali ambapo ukikaanga kahawa harufu inafika kwa kila jirani na kesho wote wanajua. Huku mjini tuko zaidi ya watu milioni moja, moshi wa Himbi haufiki Majengo. Kizuri chako kinaozea ndani na hakuna anayejua kilikuwa kizuri.

Lakini ngoja, sijasema basi tujitembeze kama kwenye zile grupu. Maana hiyo nayo ni ugonjwa. Grupu moja ya WhatsApp inabeba mpaka watu 1,024, niko kwenye grupu saba za wafanyabiashara wa hapa, saa kumi na moja asubuhi simu inaanza kutetemeka, picha 14 za viatu, picha za keki, mtu wa simenti, mtu wa perike za nywele, mtu wa simenti tena, hakuna anayejibu mwenzake, wote wauzaji na mnunuzi hayuko. Ni kama soko la Virunga bila watu wanaopita. Nilijaribu mwezi mzima, statu kila siku, mega zikaisha, nikauza pakiti tatu na moja ilikuwa ya shangazi.

Aliyenifungua macho alikuwa nje ya geti la hoteli ile ile, siku ile ile. Mama mmoja wa mandazi, na beseni lake limefunikwa na kitenge. Nilitoka kwenye poze nitoe ladha ya ile kopo mdomoni. Akanipa mandazi mbili, akaniangalia shati, akauliza:

“Papa, na weye unafanyaka kazi gani mule ndani?”

Nikamwambia nakaanga kahawa. Kwake ilitoka yenyewe, sikupewa dakika wala kusimamishwa. Nikamtolea pakiti moja, akafungua, akanusa, akanusa tena, akafunga. Hakuionja. Akavuta simu yake ya batani, imefungwa na mpira nyuma ili batri isidondoke, akapiga.

“Allo mama, jambo. Iko kijana moja hapa, kahawa yake inanukia muzuri sana. Nakutumia yeye. Eeh. Leo hii.”

Huyo aliyepigiwa ana restora ndogo kule karibu na Rond-point Signers, mama wa mandazi anampelekea mandazi kila asubuhi na alishamsikia akilalamika kwamba wateja wanalomba kahawa ya kweli. Nilirudi mle ndani kuchukua mfuko, sikubaki hata kwa picha ya pamoja. Mpaka leo ile restora ndo mteja wangu mkubwa, kilo sita kwa wiki.

Wiki iliyofuata nikampelekea yule mama dola 5 kwa heshima. Alikunja uso kweli.

“Ukinilipa, ile mama akijua, atasema nilikuuzisha. Kesho nikimwambia kitu hatasikia.”

Basi hii ndo maoni yangu yote, na najua wengi hawatakubali: neno la mtu ambaye hapati kitu ndilo tangazo pekee ambalo mji huu unaamini. Na tunaliua wenyewe kwa komisyo. Siku hizi ukimwomba mtu akutajie kwa mwenzake, kabla hujamaliza anauliza ya kwangu iko wapi. Kuna mmoja alinilomba asilimia 20 kwa kila kilo. Nikamfanyia hesabu palepale: kilo moja ya mbichi ikitoka pipani imebaki gramu 800 na kitu, maji yameenda na moshi, hapo sijahesabu makaa, pakiti, na motari. Wewe unataka kukata karibu ile ile asilimia mara ya pili, mimi nibaki na nini, harufu?

Lakini hesabu siyo shida yangu kubwa. Angalia makomisyoneri wa nyumba, wale madalali. Anakupeleka kuona nyumba Katindo, anakuapia maji yanatoka kila siku, umeme hakuna shida, mwenye nyumba ni mtu wa Mungu. Unalipa garanti, unahamia, wiki ya pili uko ziwani unachota maji na bido ya njano kama wenzako. Wala si kwamba ni watu wabaya, nina binamu kwenye kazi hiyo. Ila kila mtu anajua mdomo wake umelipwa, kwa hiyo hata siku akisema kweli hakuna anayemsikia. Tukifanya hivyo kwenye kila biashara, tutabaki wote tunapiga kelele na hakuna shahidi.

Baba yangu alikuwa na butike Birere. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ikashuka mpaka katikati ya mji, lava ikapita hapo, butike ikaenda na kila kitu, vitenge, mabati, daftari ya madeni, yote. Alisimama tena kwa msaada wa nani? Banki haikumjua. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Butembo, na mnajua watu wa Butembo, wale wanaleta mizigo kutoka Dubai na China kwa kuaminiana mtu na mtu. Jirani mmoja wa sokoni alimwambia huyo mzee maneno mawili tu, “huyu namujua.” Marobota mawili ya vitenge yakaja kwa deni. Jirani hakuwa ndugu, hakupata hata fanta. Baba alikuwa anasimulia hiyo habari kila Noeli mpaka tunamalizia sisi watoto.

Nilidhani ni habari za wazee, mpaka Januari 2025. Vita ikaingia mjini, banki zikafunga milango, uwanja wa ndege ukafunga, keshi ikapotea, na hata mwenye falanga kwenye simu alikuwa anakatwa asilimia za kuzitoa mpaka anakonda. Nilihitaji kahawa mbichi na sikuwa na chochote mkononi. Nikafungua ile droo. Nilipiga namba 12. Tano hazipatikani, wengine wakauliza nani, nikajieleza, kimya, “ah, tutaongea.” Siwalaumu, hata mimi nisingewakumbuka. Aliyenitoa ni yule mama wa restora, alimpigia mtu wa mitumbwi pale Kituku anayemletea samaki kutoka Idjwi, gunia moja likaja bila keshi, nikalipa baada ya wiki sita, polepole, kwa M-Pesa.

Sasa usikimbilie kumsifu kila mtu, maana neno la bure nalo lina bei yake. Mimi nilishaungua. Nilimtuma rafiki kwa seremala mmoja ambaye sikuwahi kufanya naye kazi, nilikuwa tu nimeona meza zake kwenye statu na tulisalimiana vizuri mkutanoni, nikasema nenda, ni mtu mzuri. Akala avansi, akazima simu miezi miwili. Nani alitafutwa? Mimi. Kitanda kilikuja kutoka, mguu mmoja mfupi, na mpaka leo yule rafiki nikimwambia kitu anacheka kwanza. Tangu hapo nikitaka kukutaja, nanunua kwako kwanza, kwa bei ile ile, bila kulomba unipunguzie kwa sababu ati sisi wajasiriamali. Hiyo ya kupunguziana pia inaniudhi. Tunakutana 40, kila mmoja anataka vitu vya mwenzake kwa bei ya ndugu, alafu tunaita hiyo kusaidiana.

Na kutaja nako kuna namna. Siyo kutupia namba kwenye grupu “huyu ni mzuri, mpigieni.” Mama wa mandazi alijua nani anatafuta nini. Hiyo ndo kazi yake kubwa kuliko mandazi, anasikiliza malalamiko. Mimi nilianza kuiga, nikipeleka kahawa kwenye restora nakaa dakika tano nasikia wanalia juu ya nini: yai limepanda, mtu wa kufua vitambaa amehama, friji inavuja. Mtu wa friji namjua, alitengeneza ya kwetu. Napiga palepale mbele yao. Haichukui hata uniti nyingi.

Kwenye pakiti zangu mpya niliomba mwenye kuchapisha aache nafasi kidogo nyuma, chini ya maelezo. Nikaandika: inanyweka vizuri na mandazi ya mama wa geti, na jina la avenyu. Mke wangu alisema nimelipia wino wa mtu mwingine. Kweli. Wiki mbili tu, dada wa Katindo, yule mkaangaji mwenzangu ambaye kwa haki tungekuwa tunagombana, akanipigia kuuliza kama nina mbichi ya Kalehe, ana mteja anataka kahawa nyingi na hawezi peke yake. Sijui kama ni ile pakiti. Hakuniambia na sikumuuliza.

Jumamosi kuna mkutano mwingine, hoteli nyingine, dola 10 tena. Nitaenda na termosi mbili, nitaziweka pale kwenye meza ya poze kabla kopo halijafika, na wakinifukuza nitanywea nje. Nikamwambia mama wa mandazi asogeze beseni upande ule siku hiyo. Akauliza mule ndani banafanyaka nini hasa. Nikamwambia, mama, watu wanalipa ili wajuane.

“Dola 10? Juu ya kujuana?” Alicheka mpaka akafunika beseni.