Ndege ya saa kumi na moja iliyoruka saa tatu kasorobo

Mwandishi wa makala kuhusu kuchelewa kwa ndege yetu anasema abiria wa Nairobi kwenda Mombasa "walivumilia" baada ya kuombwa radhi. Tulivumilia, kwani tungefanyaje? Mizigo ilikuwa imeshapokelewa. Tulipaswa kuruka saa kumi na moja jioni, tukaruka saa tatu kasorobo usiku, kwa safari isiyozidi saa moja. Shemeji yangu aliyepanda treni ya SGR ya mchana alinipigia simu yuko Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, anatafuta matatu, mimi bado niko uwanjani Nairobi natazama ubao wa safari.

Tunaosafiri mara kwa mara tunajua hizi ndege za Embraer 190 hazipumziki. Inakwenda Pwani, inarudi, inatumwa kwingine, inarudi tena. Asubuhi ikikwama nusu saa tu, deni hilo linalimbikizwa hadi jioni na analilipa abiria wa mwisho. Kwa hiyo hizo "sababu za kiufundi" tulizotangaziwa huenda zilikuwa tu ndege haijarudi. Si mseme hivyo, mtu ajue kama aende akale?

Ndani sina neno kubwa. Viti ni viwili viwili kila upande, hakuna anayebanwa katikati, ingawa magoti yangu yalisalimiana na kiti cha mbele njia nzima. Kilichoniuma ni kule uwanjani tulipokuwa tukisubiri: wa daraja la juu walipelekwa ukumbini kula, sisi chupa ya maji moja moja, na mama mwenye mtoto mchanga ameketi sakafuni karibu na soketi akichaji simu.

Hiyo radhi yenyewe? Iliingia kwa SMS kesho yake, saa nne asubuhi.