Titus Mede II: aliiokoa Himaya au aliiuza?

Katika ulimwengu wa kubuni wa gemu la Skyrim, tarehe 30 ya mwezi wa Frostfall, mwaka 171 wa Enzi ya Nne, balozi wa Aldmeri Dominion, dola hasimu la jamii ya Elf, alifika mbele ya Kaizari Titus Mede II na mkokoteni uliofunikwa, akasema ni zawadi. Alikuja pia na masharti: Himaya ilipe ushuru mzito, ivunje kikosi cha Blades, walinzi na majasusi wa kaizari, ipige marufuku ibada ya mungu Talos na iachie sehemu kubwa ya jimbo la Hammerfell. Majenerali walikuwa wameshamwonya kaizari kwamba jeshi ni dhaifu. Akakataa hata hivyo. Balozi akaupindua mkokoteni, vichwa zaidi ya mia moja vikamwagika sakafuni: vya majasusi wote wa Blades waliokuwa Summerset na Valenwood, nchi za Dominion.

Miaka minne baadaye kaizari huyohuyo alitia saini Mkataba wa White-Gold, wenye masharti karibu yaleyale. Ugomvi unaanzia hapo. Gemu la Skyrim lilitoka Novemba 2011, na hadithi yake inaanza mwaka 201, robo karne baada ya mkataba huo, lakini wachezaji bado wamegawanyika: kuna wanaomwona Mede kama mtawala aliyeipatia Himaya nafasi ya kupumua, na kuna wanaomwita msaliti bila kumung'unya maneno.

Utetezi wake una uzito kuliko wapinzani wanavyotaka kukubali. Alipokalia kiti mwaka 168, majimbo ya Black Marsh, Elsweyr na Valenwood yalikuwa yameshaondoka, Morrowind haijainuka tangu volkano ya Red Mountain ilipuke, na Hammerfell ilikuwa ikiraruana yenyewe kwa yenyewe. Dominion ilivamia Hammerfell na Cyrodiil, jimbo lenye mji mkuu, kwa pamoja. Mwaka 174 mji mkuu ukazingirwa, na kaizari akapasua njia kuelekea kaskazini na jeshi lake kubwa, akaiacha Lejioni ya Nane ikipigana kwenye kuta ili wenzao wapate kutoka. Mji ukatekwa, kasri likachomwa moto, raia wakatendewa unyama.

Ni rahisi kumwita mwoga kwa hilo. Lakini jeshi aliloliokoa siku ile ndilo lililorudi mwaka 175 na kupigana vita vya Red Ring, ambako siku ya tano adui alikuwa amezingirwa ndani ya mji alioupora. Jeshi kuu la Dominion katika Cyrodiil liliangamizwa na kamanda wake, Naarifin, akakamatwa. Gharama yake sasa: ukiacha ile ya Nane, lejioni mbili zilifutika kabisa, na kati ya zilizobaki hakuna hata moja iliyokuwa na zaidi ya nusu ya askari wanaofaa kupigana. Watetezi wanauliza, kwa haki, vita vingeendelea na nani?

Wapinzani wanajibu kwa neno moja: Hammerfell. Jimbo hilo liliukataa mkataba, kaizari akalitoa kwenye Himaya, likapigana peke yake hadi mwaka 180, Dominion ilipokubali kuondoa majeshi yake. Kama jimbo lililotupwa liliweza, Himaya nzima ingeshindwa vipi?

Hoja hiyo inavuma sana, lakini ina tundu. Jenerali Decianus alipoitwa kutoka Hammerfell kwenda kusaidia Cyrodiil, aliwaruhusu askari wengi kubaki nyuma kwa kisingizio kwamba ni wagonjwa. Maveterani hao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa jeshi lililowarudisha nyuma wavamizi wa Hammerfell. Tena Dominion waliyopigana nayo baadaye ilikuwa imeshapoteza jeshi zima Red Ring. Kwa hiyo sehemu ya ushindi wa Hammerfell ililipiwa na kaizari aliyewatupa. (Tukumbuke pia kwamba mengi ya haya tunayapata kwenye kitabu cha ndani ya gemu kilichoandikwa na afisa wa jeshi la Himaya, ambaye hana sababu ya kumchafua bosi wake.)

Kwa maoni yangu, kusimamisha vita kunateteeka. Kisichoteteeka ni sharti la Talos. Ardhi ukiitoa leo, kesho unaweza kuidai. Lakini kupiga marufuku ibada kulitoa mwanya kwa maofisa wa Thalmor, chama kinachotawala Dominion, kuzunguka jimbo la Skyrim wakikamata raia wa Himaya mbele ya askari wa Himaya. Isitoshe, Talos ni Tiber Septim, mwasisi wa Himaya yenyewe. Ukoo wa Mede si damu yake. Wa kwanza wao alikuwa mbabe wa vita aliyeuteka mji mkuu kwa upanga. Mtawala wa ukoo kama huo alihitaji jina la Talos kuliko mtu yeyote.

Watetezi wana shahidi mzuri hapa, Alvor, mhunzi wa Riverwood. Anasema kwamba alipokuwa mtoto marufuku hiyo haikumnyima mtu usingizi, kila nyumba ilikuwa na kijimadhabahu chake, mpaka Ulfric Stormcloak, kiongozi wa waasi wa Skyrim, alipoanza kelele. Ni kweli Ulfric alichochea. Lakini Ulfric aliikomboa Markarth, mji wa Skyrim, kwa ahadi kwamba ibada ingeruhusiwa, na Thalmor walipogundua, aliyeishia gerezani ni yeye. Sheria inayofanya kazi pale tu kila mtu anapojifanya haoni haikosi kulipuka siku moja. Jalada la Ulfric lililomo katika ubalozi wa Thalmor linaonyesha wazi kwamba Thalmor hawataki upande wowote ushinde haraka. Faida yao ni vita kuendelea. Muda ambao Mede aliununua ukaliwa na sharti lilelile alilolitoa kama malipo, na mwaka 201 Jenerali Tullius wa Himaya anawapiga Wanord, wenyeji wa Skyrim, badala ya Thalmor.

Kuhusu kifo chake, kwa mchezaji atakayeufuata mkondo wa Dark Brotherhood, chama cha wauaji wa kukodiwa, aliyelipia hakuwa Ulfric wala Thalmor. Ni Amaund Motierre, mjumbe wa Baraza la Wazee, mtu wa mezani kwake. Melini Katariah kaizari hakimbii. Anaomba tu kwamba muuaji, akishamaliza, amuue na aliyemtuma. Na kuhusu mkataba, gemu halimpi mchezaji hata swali moja la kumuuliza.