Gazeti la chama na mzee wa stesheni

Pale stesheni ya Tabora watu husimama mbele ya meza ya magazeti, mikono nyuma, wakisoma vichwa vya habari bila kununua. Juzi mzee mmoja alitoa hela akachukua Uhuru. Kijana aliyesimama naye akamwuliza, "Babu, hilo si la chama? Utasoma nini humo?" Mzee akasema ndiyo maana analinunua: anataka kujua wenye nchi wanawaza nini.

Jibu lile bado linanizunguka kichwani, maana kijana naye ana hoja. Uhuru lilianzishwa mwaka 1961 na TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, na CCM, chama tawala, ikalirithi. Mhariri atamkosoaje anayemlipa mshahara? Agosti 2021 liliandika kwamba Rais Samia hana wazo la kugombea 2025. Chama kikaikana habari hiyo, kikasimamisha gazeti siku saba na kuwaweka kando viongozi watatu wa kampuni inayolichapisha. Serikali nayo ikalifungia siku 14. Ikiwa gazeti la chama tawala limechapwa mara mbili kwa habari moja, la wapinzani litaponea wapi? Tanzania Daima, lililohusishwa na Freeman Mbowe wa Chadema, lilifutiwa leseni Juni 2020, likarudishiwa Februari 2022. Uchaguzi mkuu wa 2020 ulipita likiwa limezimwa. Hilo linaniuma hadi leo.

Lakini sikubali kwamba gazeti la chama halina faida kwa msomaji. Sisi wa Tabora hatuna haki ya kusema hivyo. Januari 1958 TANU ilikutana hapahapa ikaamua kuingia uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na wakati huo gazeti kubwa la nchi, Tanganyika Standard, lilikuwa mikononi mwa Wazungu. Mwafrika aliyetaka kusikia hoja ya uhuru alishika karatasi ya chama, Sauti ya TANU. Ilikuwa na upande, na upande huo haukufichwa. Msomaji akijua gazeti ni la nani, anajua pa kutilia shaka. Mimi huogopa zaidi lile linalojiita huru huku mwenye nalo hajulikani.

Kwa hiyo ningependa meza ile ya stesheni iwe na Uhuru na la wapinzani pia, na aliyekashifiwa aende mahakamani. Mwaka uleule wa 1958 Nyerere alishtakiwa kwa aliyoyaandika katika Sauti ya TANU juu ya maofisa wa kikoloni. Alisimama mbele ya hakimu, akajitetea, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Leseni ya Tanzania Daima haikufutwa na hakimu; ilifutwa na Mkurugenzi wa Idara ya Habari ya serikali.